Waya wa Kugawa Picha

Waya mpya hunuka plastiki mbichi. Jana fundi alikuja kunifungia intaneti, na harufu ile ikanirudisha utotoni, mtaa wa Izia, uani kwetu.

Shirika alilofanyia kazi baba lilikuwa limempunguza. Kiinua mgongo chote akakitia kwenye dishi na waya, ili majirani wapate picha majumbani mwao, walipe kila mwezi, nasi tule. Akamweleza mzee wa nyumba ya pili: "Dishi linadaka mawimbi, risiva inayageuza kuwa picha, waya unakuletea."

"Na mimi nikitaka ibada, wewe ukitaka mpira?"

"Utaona ninachofungua mimi."

"Sasa waya wa nini, mwanangu? Si nije tu?"

Akaja, na wengine wakaja. Kwetu jirani akipiga hodi haulizwi amefuata nini. Mama aliwatandikia mkeka, akawapa togwa.

"Kwa nini tusifunge mlango?" nilimnong'oneza. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

Waliisifu sana picha; waya hakuna aliyeuulizia. Walipokuwa wakiondoka, mzee alimshika baba mkono. "Kesho utufungulie mapema kidogo."

"Karibuni, mzee," baba akajibu.