Mwisho wa riwaya tuliyoikata vipande vitatu

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi huu nimesoma riwaya tatu. Ya tatu imenikalia kifuani, na nitakayosimulia hapa sikuambiwa na mtu, niliyaishi.

Mbili za kwanza niziseme upesi. Moja ina lugha tamu, ila wahusika wake hawapumui. Nyingine inalia tangu ukurasa wa kwanza, hadi msomaji anakosa pa kulilia.

Ya tatu niliianza miaka ya themanini mwanzoni, kijana wa mtaa wa Tena, hapa Nairobi, niliyejiita mwandishi. Nimeimaliza wiki jana.

Inahusu mfanyakazi wa kiwanda anayekamatwa na karatasi za mgomo. Polisi wanataka awataje wenzake.

Enzi hizo kitabu kama hicho kingekufunga jela, hukukibeba wazi. Tulikuwa watatu, nakala moja: mimi, Njeri fundi wa cherehani kule Umoja, na Wafula wa Mathare, aliyefanya kazi kiwandani karibu na Lucky Summer.

Njeri alikata uzi wa mgongo wa kitabu kwa wembe, akavifunika vipande vitatu kwa karatasi ya kaki kama daftari za shule. Jumapili baada ya kanisa tulibadilishana. Sheria ilikuwa moja: aliyetangulia hasemi mwisho.

Wafula akatangulia.

"Nyinyi bado mko kwa supu," alitucheka. "Mimi niko kwa nyama."

"We Wafula, ukifungua huo mdomo nitaushona," Njeri akamwambia.

Kwetu aliufunga. Lakini kiwandani, saa ya chakula, aliwasomea wenzake kipande cha mwisho kwa sauti. Alikipenda mno, hakuweza kukila peke yake.

Kesho yake askari wakamchukua getini. Mkewe, Nekesa, alipopata habari alikitia kile kipande kwenye jiko.

Mimi na Njeri tukabaki na hofu. Gari likisimama karibu na ploti nilimopanga, nazima taa. Majina yetu yalikuwa mdomoni mwa mtu mmoja, na hatukujua anafanywa nini.

Hakuna aliyekuja kututafuta.

Wafula alirudi baada ya miezi mingi. Sikio moja halisikii, mikono inatetemeka, chai ananyweshwa na Nekesa. Ya huko hatukuthubutu kuuliza. Njeri akauliza ya kitabu.

"Yule jamaa aliishia wapi?"

"Alinyamaza," Wafula akasema. "Walimpiga, akanyamaza. Hakutaja mtu."

Njeri akainamia kiondo chake, akapekuapekua humo ndani kwa muda mrefu, asitoe kitu.

Mwaka uliofuata tulimzika Wafula.

Sasa wiki jana nikaipata nakala nzima kwa muuza vitabu vya mtumba. Nikaenda moja kwa moja kwenye kipande cha mwisho.

Wakuu, yule jamaa anataja. Anawataja wote, mmoja baada ya mwingine, na mwandishi anatuambia kwamba binadamu akiumizwa vya kutosha ndivyo alivyo.

Wafula alikuwa ameusoma mwisho huo. Aliingia nao mle ndani.

Maoni yangu? Riwaya imeandikwa kwa ustadi, na mwisho wake unaaminika kabisa. Mimi siukubali. Nimejifunza kwamba kitabu kinaweza kuwajua watu wengi, na bado kisimjue rafiki yako.

Nilimpigia Njeri simu nimsomee. Alinikatiza.

"Usinisomee," akasema. "Mimi mwisho wangu ninao."

Nanyi mliosoma kwa vipande enzi zile, karibuni hapa chini: mwisho upi mmebaki nao, na mlipewa na nani?