Niliipa hoteli daraja A wakati tenki lake lina panya, nikamfungia Mama Yohana

Wakuu, salamu kwenu. Hili hata mke wangu hajui, na kwa umri huu sina sababu ya kuwaongopea.

Miaka ya tisini, biashara huria imeshika kasi, kila mtu anafungua mgahawa. Mimi bwana afya, fresh from college, nimepangiwa Majengo, Dodoma.

Kazi ni kukagua sehemu za chakula na kutoa daraja: A, B au C. Ukipata C unafungiwa.

Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha Mama Yohana, mjane wa Kigogo. Ugali, mlenda, maharage. Maji anachemsha, vyombo anaanika juani. Lunch yangu ilikuwa pale. (Kama hujala mlenda wa Dodoma, pole yako.)

Mtaa wa pili, hoteli mpya, vigae hadi chooni. Nikapanda kwenye tenki la maji.

Panya wawili wanaelea, wamevimba.

Nikaandika C.

Boss akaniita. "Kijana, pale wanakula wageni wa Bunge. Hii report umekosea. Halafu hujafunga hata kibanda kimoja, unafanya kazi gani?"

Nilikuwa kwenye probation. Nikaandika upya. Hoteli A. Mama Yohana C, eti hana dari.

Barua ya kufungiwa aliisoma mara mbili. "Mwanangu, si unakula hapa kila siku?"

Nikamjibu ni sheria.

Akahangaika, mwisho akapata kazi ya kuosha vyombo. Hoteli ileile.

Haukuisha mwezi, kuhara na kutapika kukaingia mjini. Nikatumwa wodini kuandika wagonjwa wamekula wapi. Kitanda cha tatu, Mama Yohana, macho yamezama.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Yale maji ya tenki, uliyaona?"

"Niliyaona."

Akageukia ukutani. Kesho yake godoro lilikuwa limeanikwa nje.

Msibani mwanae alinishika mkono, akanishukuru kwa kwenda kumwona mama yake wodini. Nikamwambia asante.

Boss alipanda cheo. Mimi nikathibitishwa kazini, juzi nimestaafu kwa keki na hotuba.

Nilichojifunza: cheti mnachokiona kimetundikwa hotelini kimeandikwa na mtu mwenye boss. Na huyo boss si lazima akutishe sana. Mimi nilitishwa dakika tano tu.

Uwanja ni wenu. Wa matusi pia waje, nitasoma yote.