Mlio wa Gari la Wakili

Gari la Wakili halikulia likienda. Lililia likishasimama. Hilo ndilo lililowaumiza watu kichwa pale gereji, na Bi Fundi kilimuuma kuliko wote, ila hakutaka ijulikane.

Bi Fundi ni binti wa marehemu mwenye gereji. Alisomea ufundi wa magari chuoni akafaulu vizuri, akapata kazi ya ofisini yenye kiyoyozi. Baba alipofariki, binti aliiacha kazi hiyo, akarudi kusimama na kaka yake chini ya mabati yenye joto. Mama yao, mwalimu mstaafu, hakumzuia. Alimwambia tu, "Nenda, mwanangu. Lakini jina la baba yenu mliache kama mlivyolikuta." Tangu hapo Bi Fundi hajaingia kazini asubuhi na ovaroli chafu. Uchafu atakaorudi nao nyumbani ni wa kazi ya siku ile.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la buluu iliyokolea, limelala chini kiasi kwamba hata paka angepita kwa tumbo. Gereji ilikuwa imetoa giaboksi, ikaitengeneza na kuirudisha. Wakili aliondoka anacheka, akarudi amenuna. Kila akitoka safarini na kuzima injini, kabla hajafika mlangoni kwake, chini ya gari kulitoka mlio mrefu kama wa kabati kuukuu linalofunguliwa kwa wizi, halafu "ko!"

"Giaboksi yangu inakufa," alisema, akiweka funguo mezani. "Kabla ya kuja hapa gari hili lilikuwa limetulia. Jioni nalifuata. Likiwa bado linalia, mahakama nzima itajua ni nani aliyelifundisha."

Alipoondoka, kaka alipumua kwa nguvu. "Mwambie ni joto. Chuma kikipoa hulia, kila mtu anajua."

"Chuma kikipoa husema tik, tik, tik. Hiki kinakwaruza, kaka."

"Basi tuishushe giaboksi tena."

"Tutaikuta nzima, halafu tuseme nini?"

Walikwisha kulijaribu gari hilo mara kadhaa. Kila mara walilizungusha, wakalirudisha, wakalipandisha juu haraka, wakafungua kifuniko kipana cha plastiki kinachofunika tumbo lake ili wachungulie. Na kila mara gari lilikaa kimya.

"Linatuonea haya," kaka alikuwa akisema.

Bi Fundi alikizunguka kile kitu cha buluu mikono ikiwa kiunoni. Sisi tunafungua, linanyamaza. Hakuwahi kusikia gari lenye haya. Kama mlio ulihitaji kifuniko kiwe mahali pake, wao wenyewe ndio waliokuwa wakiunyamazisha.

"Leo hatufungui kitu," alisema.

Alilipeleka gari mlimani, akalipandisha kwa nguvu mpaka likapata moto sawasawa, akalirudisha. Akaamuru mashine ya upepo izimwe, redio izimwe, na jirani anayechomelea mageti akaombwa apumzike kidogo. Alitandika mkeka pembeni ya gari, akalala ubavu, akaingiza chini ya gari kipande cha mpira wa maji. Ncha nyingine akaiweka sikioni, kama baba yake alivyozoea kufanya.

"Shemeji akiniuliza sikio la mkewe liko wapi, nijibu nini?" kaka alinong'ona.

"Mwambie Wakili ameliazima. Nyamaza."

Tik, tik. Alisogeza mpira kwenye giaboksi. Kimya. Akausogeza nyuma kidogo, karibu na bomba la moshi, na mlio ukamjaa sikioni mpaka akakunja uso. Ko! Alichora msalaba wa chaki ubavuni mwa gari, akasubiri lipoe, ndipo akafungua.

Juu ya bomba kulikuwa na bati jembamba la kuzuia joto. Kona yake moja, iliyojificha nyuma ya bomba, haikuwa na bolti. Kifuniko kikiwepo kilisukuma bati likagusa bomba, na bomba likipoa na kusinyaa, vikakwaruzana. Kifuniko kikitoka, bati liliachia. Kwenye bomba palikuwa na alama nyembamba inayong'aa.

Aliyefunga upande ule alikuwa kaka. Wote wawili walilijua hilo.

"Tulifunge tu," kaka alisema, akitazama chini. "Akija, hakuna mlio. Nani atauliza?"

"Wakili? Yule kazi yake ni kuuliza. Nikimdanganya leo, hata siku nitakayomwambia kweli hataniamini."

Alitia bolti, akaikaza, akalipeleka gari mlimani tena. Liliporudi lilisema tik, tik, tik, basi. Wakili alipofika alilikuta bado lina moto. Aliinama na suti yake, akasikiliza mpaka shingo ikamchoka.

"Ilikuwa nini?"

"Bolti moja ya bati la kuzuia joto," alisema Bi Fundi. "Hatukuirudisha tulipofunga giaboksi. Giaboksi yako ni nzima. Kosa ni letu."

"Letu la nani? Nani alifunga?"

"Gereji ilifunga."

"Gereji haina mikono, Bi Fundi."

Bi Fundi alimtazama usoni bila kupepesa. Alikuwa tayari kusimama hapo mpaka giza liingie kabla ya kumtaja mtoto wa mama yake mbele ya mgeni. Nyuma yake kaka aliacha kufuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa kikifuta kitu tena, akasogea mbele.

"Mimi ndiye niliyefunga, Wakili. Dada ananisitiri."

Wakili aliwatazama wote wawili. "Wateja wangu wangekuwa wanasema hivi kizimbani," alisema, "mimi ningelala njaa." Akachukua funguo. Mlangoni akageuka. "La mke wangu linalia likikata kona. Nitawaletea."

Gari la buluu lilipotoweka, kaka alibaki ameshika ule mpira wa maji, akiukunja na kuukunjua.

"Ungeniambia tu tangu mchana niseme mwenyewe."

"Nilikuwa nakusubiri," alijibu Bi Fundi, akaenda kuwasha mashine ya upepo.