Dobi Aliyekataa Kuitwa Aliyechelewa

Saa moja kasoro robo asubuhi, jua bado halijaruka ukuta wa ua. Dobi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, anaigusa kamba ya kuanikia kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa.

"Ina umande," anasema. "Tungoje kidogo."

"Umande huo unauona wewe peke yako," anajibu wifi yake, dada wa mumewe, aliyeinama juu ya beseni la shuka.

"Basi anika. Zikinuka uvundo utajitandikia mwenyewe."

Wifi anacheka, lakini haaniki.

Kwenye msumari pembeni ya mlango linaning'inia daftari la jalada gumu, limefungwa kwa uzi. Dobi anachomoa kalamu kwenye nywele, anaandika tarehe, anga lilivyo, umande upo au haupo. Baadaye ataongeza saa ya kuanika na saa ya kuanua. Ameandika hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Madaftari yaliyojaa yamelala chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati.

Ndege inapita juu ya ua, karibu kabisa na mapaa, foronya zilizobaki tangu jana zinatikisika. Uwanja wa ndege uko nyuma ya mtaa huu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hakuna anayeinua kichwa.

"Zamani nilikuwa nazipungia," anasema wifi. "Nikaacha. Mara ya mwisho kuzipungia, tuliishia ofisini kwa wakubwa."

Wateja wamempa dobi huyu jina la Saa Sita. Mpelekee nguo leo, muulize zitakuwa tayari lini, jibu lake ni moja: kesho saa sita. Na kesho saa sita nguo ipo, imekunjwa, bado ina joto la pasi. Mvua ikitaka kuja, anamwambia mteja jana yake.

"Mimi sina duka, sina kibao mlangoni," anasema. "Nina saa sita tu. Ukiniondolea hiyo, umeniacha na povu."

Kwa siku wanafua shuka arobaini za nyumba mbili za wageni, mbali na mashati ya watu wa mtaani. Kwa shuka hizo amemsomesha binti yake wa pekee hadi chuo cha uuguzi, katika mji ambao kwa barabara ni siku mbili na kwa ndege ni saa moja na nusu.

Mwaka juzi chuo kikaleta barua: wauguzi wapya watakula kiapo Ijumaa saa nane mchana, wazazi mnakaribishwa. Binti akapiga simu.

"Mama, usihangaike. Basi litakuchosha."

"Nani kakwambia nakuja na basi?"

Nauli ya ndege, kwenda na kurudi, ilikuwa sawa na kufua shuka mia sita. Alizifua. Kisha akafua kitu kimoja bila malipo: sare nyeupe ya binti yake, aliyoletewa mapema ili aitie wanga na kuipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe. Kiapo kingeliwa ndani ya sare hiyo. Aliikunja ndani ya karatasi safi, akaibeba mapajani kama mtoto mchanga.

Ndege ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Yeye alikuwa uwanjani saa moja.

Saa tatu ikafika, ikapita. Msichana wa kaunta akasema, "Subirini kidogo." Saa tano akasema hivyohivyo. Saa saba kaunta ikawa tupu. Hakuna aliyeambiwa sababu, na maji ya kunywa walijinunulia.

Wenye kumbukumbu hawataona ajabu. Ni kampuni hiyohiyo iliyowalaza abiria arobaini juu ya masanduku yao kwa siku mbili, miaka sita iliyopita, kisha ikawaomba radhi kwa kuwagawia kalamu zenye nembo yake. Wakubwa wa kampuni za namna hii wanategemea kitu kimoja kuliko mafuta ya ndege: kwamba mnyonge atachoka, atakwenda nyumbani, atasahau. Wamezoea hivyo. Siku ile hawakujua nani amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na choo.

Alikaa pale kwa sababu mbele yake ukutani palikuwa na bango lililofifia, na yeye hana tabia ya kukaa bure. Alilisoma mara nyingi hata akalikariri. Liliandikwa na mamlaka ya usafiri wa anga: ndege ikicheleweshwa kwa muda unaozidi saa sita, kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa kampuni, abiria atalipwa fidia sawa na nauli yake.

"Nikacheka peke yangu," anasema. "Saa sita! Jina langu limebandikwa ukutani na mimi nimekaa chini yake kama mjinga."

Ndege iliruka saa kumi jioni. Alipofika chuoni, viti vya ukumbi vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza na mfagiaji anamalizia mlangoni. Binti yake alikuwa ameketi kwenye ngazi, amevaa sare ya kuazima iliyompwaya mabegani.

"Hakulia," anasema dobi. "Alinipokea kifurushi, akasema, 'Pole, mama, umechelewa.' Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Wa kwanza kuniambia akawa mwanangu."

Aliporudi nyumbani alikaa na kalamu, akaiandikia kampuni barua. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mwandiko wake umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Katikati ya barua aliandika: "Siku hiyo nilikuwa uwanjani kwenu saa tisa nikingoja ndege."

Msomaji wa Kiswahili ameshaona shimo lilipo. Yeye alimaanisha muda: tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, saa tisa nzima za kungoja. Karani wa kampuni akasoma wakati. Huyu mama alifika uwanjani saa tisa, alasiri, kupanda ndege ya saa tatu asubuhi!

Jibu lilikuja na mistari miwili. Madai yamekataliwa. Abiria alichelewa mwenyewe.

Wifi ndiye aliyelisoma kwa sauti, hapo uani, mbele ya wateja wawili. Mmoja, fundi wa baiskeli, akaangua kicheko. "Saa Sita kachelewa! Basi na jua lilichelewa siku hiyo."

"Chekeni," dobi akawaambia. "Mkimaliza kucheka, nani ana nafasi anisindikize?"

Hakusindikizwa na mtu. Alikwenda ofisi za kampuni peke yake, Jumatatu, akaomba kuonana na karani aliyeandika jibu. Walimkalisha. Alirudi Jumatano. Ijumaa karani akatoka, kijana mwenye tai.

"Mama, wewe mwenyewe umeandika saa tisa."

"Saa tisa za kukaa, mwanangu, siyo saa tisa ya saa. Ukimwambia mkeo umemngoja saa mbili, atadhani umemngoja asubuhi?"

Walinzi walicheka. Karani hakucheka, ila alilichukua faili. Kipande cha tiketi kilichogongwa muhuri saa moja na dakika kumi kilimaliza ubishi.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Wiki ya tatu kampuni ikaja na sababu mpya, ambayo siku ya safari haikutajwa na mtu yeyote: hali mbaya ya hewa. Wingu zito na mvua katika uwanja wa kuondokea. Jambo lililo nje ya uwezo wa kampuni. Inasikitika.

Kumwambia dobi uongo kuhusu hali ya hewa ni kumuuzia samaki maji.

Alilifungua sanduku la bati. Siku ya safari hakuwepo kazini, lakini daftari halikulala; wifi alikuwa ameachiwa ua, kamba na kalamu. Ukurasa huo mwandishi wa makala hii ameuona. Umeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika:

"Ijumaa. Jua kali tangu asubuhi. Umande hakuna. Shuka zimeanikwa saa mbili, zimeanuliwa saa nne, kavu. Wifi kaenda kupanda ndege, jua linanichoma mimi. Mpaka saa sita nimepungia foronya ndege tano, sijui yumo ipi."

Ndege tano! Mvua gani hiyo iliyochagua ndege moja ya kuizuia, tano ikaziachia?

"Mimi nilikuwa namtania," anasema wifi, bado anaona haya kidogo. "Nilijua akirudi atasoma, tutacheka. Sikujua naandika ushahidi."

"Miaka yote namwambia andika vizuri, usiandike porojo," dobi anadakia. "Leo porojo zake ndizo zimeniokoa."

Alilipeleka daftari kwenye ile mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na mengine manne ya miaka ya nyuma, wajue kwamba halikuandikwa juzi. Ofisa aliyelipokea, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, alisoma ukurasa ule, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Kisha akaiandikia kampuni: leteni kumbukumbu za siku hiyo, za anga na za ndege.

Kumbukumbu zikaja, na ndani yake ukweli. Anga lilikuwa jeupe. Ndege ya saa tatu ilikuwa imekodishwa alfajiri ile kuwapeleka wageni waheshimiwa kwenye mkutano wao, ikasubiri hadi walipomaliza chakula cha mchana, ikarudi. Abiria hamsini na watatu walikaa kwenye plastiki ili waheshimiwa wasihangaike. Hilo si la kusahauliwa, na hapa limeandikwa ili lisisahaulike.

Kampuni ikaamriwa kulipa.

Na hapa ndipo dobi huyu alipowashangaza hata majirani zake. Aliitwa ofisini, fedha ziko tayari kwenye bahasha, akasogezewa karatasi ya kutia saini. Juu yake pameandikwa: Fomu ya Abiria Aliyechelewa.

Aliweka kalamu chini.

"Mama, hilo ni jina la fomu tu," meneja akamwambia. "Wote wanasaini hiyohiyo."

"Mimi sikuchelewa. Nilicheleweshwa."

"Ni neno lilelile, mama."

"Kama ni lilelile, libadilishe. Hutapungukiwa na kitu."

Meneja alitazama saa yake. Akaeleza kwamba fomu zimeshachapwa, kwamba bila saini bahasha inarudi kabatini, na kwamba anaweza kungoja miezi. Shuka mia sita zilikuwa pale mezani, ndani ya karatasi ya kaki. Dobi aliinuka, akamshukuru, akatoka.

Uani fundi wa baiskeli alimwita kichaa. Mumewe, mlinzi wa ghala, mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja.

"Ukisaini, utalala?"

"Sitalala."

"Basi umefanya la maana."

Siku kumi na moja baadaye meneja alimpigia simu mwenyewe. Mamlaka ilikuwa imeulizia kwa nini faili halijafungwa. Dobi alikwenda na wifi yake kama shahidi. Mbele yao meneja alichukua kalamu, akakata neno moja juu ya fomu, akaandika pembeni yake "Aliyecheleweshwa na Kampuni", akaweka saini yake ndogo. Ndipo dobi naye akasaini.

"Herufi chache tu," anasema. "Lakini kwenye herufi hizo ndimo alimo mwenye kosa. Ukiziacha, kosa linarudi kwako."

Nakala ya fomu hiyo alimtumia binti yake. Jibu lilikuja siku hiyohiyo kwa simu: "Mama, nisamehe lile neno." Dobi anasema alikuwa ameshamsamehe palepale kwenye ngazi, ila hakumwambia, ili ajifunze kupima maneno.

Tangu hapo abiria ishirini na sita wa safari ileile wamefika kwenye ua huu, wengine na viatu vinavyong'aa, kuomba kuoneshwa ukurasa wa wifi. Kumi na tisa wameshalipwa. Dobi hawatozi kitu. Anawapa masharti mawili: waandike muda kwa kirefu, "kuanzia saa fulani hadi saa fulani", na wasisaini kabla ya kusoma kichwa cha karatasi.

Fedha zake hajazigusa, isipokuwa kwa jambo moja. Mwezi ujao binti yake anahamishiwa wodi ya watoto, na ameomba sare mpya ipigwe pasi nyumbani. Dobi amekata tiketi. Kampuni ileile, ndege ileile ya saa tatu.

"Huogopi watakuweka tena?" wifi anamuuliza, akikung'uta shuka.

"Wakiniweka, wewe pungia foronya uhesabu."

Anaigusa tena kamba kwa mgongo wa mkono. Imekauka. Anachomoa kalamu kwenye nywele, anaandika saa, kisha anashika ncha moja ya shuka na wifi yake ncha nyingine.

"Sasa anika," anasema. "Wenye shuka hizi wana saa sita yao."