Sabra na bipu zilizouza miche ya Matogoro

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Lizaboni, Songea. Mvua ya Januari imeanza tena kugonga bati, na Sabra Kalembo anavuta benchi lake mbali na mahali panapovuja. Mbele yake pana kompyuta mpakato yenye ufa kwenye kioo na vitochi vitatu, zile simu ndogo za vitufe, kila kimoja kimefungwa utepe wake: mwekundu, mweupe na wa kijani. Asiyemjua angedhani anauza simu za wizi.

Kitochi cha utepe wa kijani kinalia mara moja, kinanyamaza.

"Bipu hiyo," anasema, na tayari ameshaanza kupiga.

"Shikamoo. Umetubipu hapa kwenye miche ya parachichi."

"Marahaba. Eeh, nimebipu, salio sina." Ni sauti ya mzee, nyuma yake kuku wanalia.

"Hakuna neno, baba. Tangazo umeliona wapi?"

"Kwenye simu ya kijana wangu, nilikuwa naangalia matokeo ya mpira. Sasa hiyo miche ipo kweli, au na ninyi ni matapeli?"

"Ipo, baba. Njoo Matogoro uishike kwa mkono wako."

Mzee yuko Maposeni na anataka miche hamsini. Sabra anakata simu na kugusa utepe wa kijani. "Huu ndio mnada wangu," anasema. "Ule mwekundu ulitaka kuniua."

Kazi ya Sabra, mwenye umri wa miaka 29, ni ngumu kueleza hata kwa mama yake aliyeko Tunduru. Wenzake mjini huiita kununua trafiki. Kwa lugha ya nyumbani, analipia ili watu wenye simu wapite mlangoni kwa mteja wake. Ile picha ya tangazo inayokurukia machoni ukiwa unacheza mchezo kwenye simu haikufika pale kwa bahati. Nafasi yake imepigwa mnada kwenye soko la mtandaoni, imechukuliwa na aliyetaja bei ya juu, na yote hayo yamekwisha kabla hujapepesa jicho.

Masoko ya namna hiyo ni mengi na kila moja linajisifu. Lipo linalouza wapita njia kwa bei chee, na lipo linalouza kwa bei ya kuumiza kichwa. Wenye maduka, mafundi na wakulima wa Songea humlipa Sabra ayalinganishe na kuwaambia waweke pesa yao wapi. Mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na kama shilingi laki tatu na nusu. Ukiwa mbaya, hula kwa huruma ya Hilda, fundi cherehani anayechangia naye chumba.

"Ni mnada kama wa ng'ombe, ila ng'ombe mwenyewe humwoni," anasema. "Unasikia kwato tu zinapita."

Chuoni alisomea cheti cha kompyuta. Lakini namna ya kulinganisha masoko anasema aliitoa kwa baba yake, Mzee Abdul, mkulima wa korosho.

"Mnunuzi mwenye akili hatazami korosho za juu ya gunia. Anazamisha mkono mpaka chini, anatoa kiganja kimoja, anazipasua aone ndani," anasema. "Na mimi nanunua kiganja kutoka kila soko, tangazo lilelile, siku zilezile, halafu napasua."

Msimu huu hakupasua, na aliyekuwa karibu kuumia si yeye.

Novemba mwaka jana alijiwa na Lidwina Mapunda, mjane wa Matogoro ambaye mtaani huitwa Mama Leo. Walikutanishwa na Hilda, anayemshonea sare za kwaya. Mama Leo alikuwa na miche elfu nne ya parachichi, yote ameibebesha vikonyo vya miti bora kwa mikono yake. Mnunuzi kutoka nje ya mkoa alikuwa ameiagiza yote. Mvua zilipoanza, mnunuzi huyo akaacha kupokea simu.

"Mche hausubiri," Mama Leo anasema. "Mizizi ikitoboa kiriba, huo mfuko wake wa udongo, ikaingia ardhini, ukiung'oa unaumia. Ikifika mwisho wa Februari hujauza, hiyo ni kuni. Na mimi pesa ya mahindi yangu yote ya mwaka jana ilikuwa imeishia humo kwenye viriba."

Sabra alitengeneza tangazo, akalipeleka kwenye masoko matatu. La kati halikuleta cha kusimulia, lakini la rahisi likamletea umati. Ndani ya siku mbili tangazo lilibonyezwa zaidi ya mara elfu kumi na moja, kwa bei ya kutupa. Soko la ghali halikufikisha hata watu mia, na kila mmoja alimgharimu bei ya andazi.

"Nilichanganyikiwa kwa furaha," anasema. "Nikahamishia pesa yote ya Mama Leo kwenye lile la rahisi. Sikupasua hata korosho moja."

Rahisi inavunja upishi, na upishi huu ulivunjika vibaya. Wiki mbili zikapita, na fomu ya kuagiza miche aliyoiweka kwenye ukurasa wa tangazo haikujazwa na mtu hata mmoja. Kila Jumapili baada ya misa, Mama Leo alipita Lizaboni na kusimama mlangoni.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, mama."

"Haya."

Basi, anaondoka. "Bora angenitukana," Sabra anasema.

Jioni moja umeme ukakatika. Hilda, akiwa katikati ya mshono, alichukua simu yake ya zamani awashe tochi, ile programu ya bure aliyowekewa na mwanawe. Kabla mwanga haujatoka, picha ya miche ya Mama Leo ikajaa kwenye kioo. Hilda akaibonyeza ili aiondoe, ukurasa ukafunguka, akaufunga akisonya.

"Dada Hilda, umebonyeza nini hapo?"

"Mimi nijue? Nataka mwanga, wananiletea maparachichi!"

Leo wanawake hao wawili wanalisimulia jambo hilo huku wakicheka mpaka machozi. Siku ile Sabra hakucheka. Alifungua kompyuta, akatazama saa ambazo watu walikuwa wakibonyeza tangazo. Wengi walikuwa wa muda wa giza kuingia, nao walikuwa wakitokea kwenye programu za tochi. Soko lile la rahisi lilikuwa limemuuzia watu wanaopapasa gizani. Debe tupu haliachi kuvuma, na yeye alikuwa ameufurahia mvumo.

Asubuhi iliyofuata alipanda Matogoro kukiri kosa. Alimkuta Mama Leo kitaluni, anainua kiriba kimoja kimoja kukata mizizi iliyoanza kutafuta ardhi. Kabla Sabra hajamaliza maelezo yake, simu iliyokuwa kwenye fundo la kitenge cha mama huyo ikalia mara moja, ikanyamaza. Mama Leo hakuitazama.

"Mama, mbona hupokei?"

"Achana nao. Wahuni hao. Wiki ya pili hii wanabipu tu na kukata."

Hapo Sabra akakumbuka. Namba ya Mama Leo ilikuwa kwenye ukurasa wa tangazo, chini kabisa, aliiweka kwa sababu mama mwenyewe aliitaka iwepo. Aliiomba simu. Ilikuwa imejaa bipu zaidi ya sabini, namba nyingi zikijirudia.

Wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakaanza kupiga. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Namtumbo, akitaka miche mia moja. Wa pili alikuwa mama wa Peramiho. Wa tatu alikuwa amekwisha kununua kwingine baada ya kubipu mara nne bila kupigiwa, na aliwapa maneno yao. Karibu wote walikuwa wameona tangazo wakitafuta matokeo ya mpira au wakisikiliza redio kwenye simu. Hizo zilikuwa nafasi alizozinunua kwenye soko la ghali, lile alilolikimbia.

"Nani hapa kwetu anajaza fomu?" Sabra anauliza, bado kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yake mwenyewe. "Mtu akitaka kitu anabipu. Mwenye mali ndiye apige. Nimekulia humo humo, nikasahau kwa sababu kompyuta haina mahali pa kuhesabu bipu."

Tangu siku hiyo kila soko analolijaribu lina laini yake na kitochi chake, na Hilda ndiye aliyekata tepe. Halinganishi tena masoko kwa umati yanaouleta. Hulinganisha kwa simu zinazolia. Kitochi chekundu, cha lile soko la rahisi, kimelia mara mbili tu tangu mwezi uanze, na mara moja alikuwa mtoto anayetaka kuongea na baba yake. Kwa kazi ya Mama Leo, Sabra hakuchukua ujira wowote tena mpaka pesa iliyopotea ilipofidiwa.

Wiki iliyopita kitalu cha Matogoro kilikuwa kimebaki na mistari michache. Pikapu ya yule mwalimu wa Namtumbo ilikuwa imerudi kwa mara ya pili, na vijana walikuwa wakipanga viriba kwa uangalifu kana kwamba ni mayai. Mwalimu alitaka abebe yote iliyobaki. Mama Leo akakataa.

"Hii naipanda mwenyewe," alimwambia. "Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga."

Mwandishi alimuuliza Sabra mipango yake, akitarajia kusikia habari za ofisi kubwa na kompyuta isiyo na ufa. Alicheka kwanza. Vitu hivyo anavitaka, alisema, nani asiyevitaka? Lakini kuna jambo linalomnyima raha. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu. Kuanzia Maposeni hadi Namtumbo, watu waliobipu msimu huu watavuna pamoja, na parachichi likiiva halina subira.

Kwa hiyo ameanza mapema kuwatafutia wanunuzi. Kila wiki anatenga sehemu ya mapato yake, ananunua kiganja kutoka masoko yanayofika kwenye simu za wenye maduka ya matunda Dodoma na Dar es Salaam, anapasua, anatazama ndani. Mpaka sasa mengi ni maganda. Moja limempa wanunuzi wawili walioacha majina, na mmoja wao ameuliza mavuno yataanza lini.

"Mimi ndiye niliyewaingiza shambani watu hawa," anasema, akivuta tena benchi lake kukwepa tone. "Siwezi kuwaacha huko."