Shaame hakumkimbia ng'ombe

Tangu jana nashika simu nimpigie Shaame, kisha nakumbuka kuwa tumeshamzika.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Rafiki yangu wa Madungu, mchezaji ng'ombe hodari kuliko wote niliowaona Pemba hii, ametangulia.

Nilitaka kuandika kwa utulivu. Asubuhi nafungua grupu la mtaa, chini ya tangazo la maziko nakuta komenti: "Si ndiye yule mzee aliyemkimbia ng'ombe?" Na wenzake wameijazia vikatuni vya kucheka.

Kefule! Udongo wa kaburi haujakauka, mnamcheka. Mmenitia kinyaa, hata chai imenishinda. Basi leo nasema, na admini akitaka kunitoa anitoe.

Kwa vijana msiojua: mchezo wetu si wa kuua. Dume anafungwa kamba ndefu, mchezaji anamchezea kwa kanga, ngoma na zumari zinalia, wanawake wanaimba, na ng'ombe anarudi kwao mzima.

Kanga mchezaji huazimwa na mwanamke aliye pembeni. Kamba inazungushwa kwenye mnazi, na anayeishika ni mtu ambaye mchezaji amemkabidhi roho yake. Mtu wa Shaame nilikuwa mie.

Kila akitaka kuingia hata haniangalii, ananiuliza tu: "Yakhe, kamba unayo?" Namjibu: "Ninayo." Hapo anaingia, anacheka kama anakwenda harusini.

Na adabu yake ya kiwanja ilikuwa inakera! Haanzi kabla hajamwomba ruhusa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akigeuza mgongo, amechoka, Shaame anateremsha kanga. Mchezaji mwenzake akianguka, ole wako ucheke. Mie aliwahi kunitia kofi la kisogo kwa hilo, mbele za watu.

Lakini iliyomponza ni hii: ukiwa na neno na mwenye ng'ombe, hulisemi kiwanjani. Unamfuata kwake. Kiwanjani wapo wanawe, wapo majirani, utamwaibisha.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sitini, Mngereza yungalipo. Tajiri mmoja wa mikarafuu kaleta dume mwekundu, sifa zimefika hadi Kojani, watu wamevuka kuja kumtazama.

Na Shaame alikuwa ameposa. Mize, binti wa kijiji cha Wesha. Baba yake Mize kaja kumtazama mkwe, kakaa mbele kabisa. Kanga ya kuchezea ilikuwa ya Mize mwenyewe.

Ng'ombe katoka anapiga chafya. Machozi yanamtiririka, pua anaisugua mchangani. Watu wanashangilia, ati mkali! Mkali wapi? Walikuwa wamemtia pilipili za kusaga puani ili awe kichaa. Aliponipita karibu nikapiga chafya na mie.

Shaame kaona. Kanipigia kelele, "Vuta kamba!" Nikavuta, kichwa cha ng'ombe kikabanwa kwenye mnazi. Akasogea mpaka kati ya pembe, akampangusa pua kwa ile kanga, taratibu, kama mtoto mwenye mafua. Kisha akatoka kiwanjani bila ya neno.

Sasa watu wameona nini? Mchezaji kamfungisha ng'ombe, halafu kaondoka.

"Mwoga! Mpeni buibui avae!" Maganda ya machungwa yakamshukia, vifuu vya madafu vikamshukia. Na yule tajiri kasimama katikati yao, mkono kiunoni, anacheka na meno yote nje. Mpaka leo nikimkumbuka natema mate.

Baba yake Mize kanyanyuka. "Binti yangu simpi mwanamume anayefungiwa ng'ombe."

Nikafungua mdomo niseme. Shaame akaniziba kwa kiganja. "Si hapa, yakhe."

Si hapa! Anatupiwa maganda, na bado anamlindia heshima mtu aliyemfanyia uchafu ule!

Kesho yake alasiri tulimfuata bwana yule kwake. Shaame kavua viatu, kasalimu kwa adabu zote. "Bwana, ng'ombe wako alitiwa pilipili. Siku nyengine ataua mtu, au atapofuka mwenyewe."

Akajibiwa: "Nenda kacheze na mbuzi." Hiyo ndiyo shukrani yake.

Njiani nikamwambia naenda sokoni kusema yote. Akanishika mkono. "Niapie hutasema maadamu mie ni hai. Yule ana watoto." Nikaapa. Wallahi nimejuta kila mwaka.

Ila Mize alijua. Aliporudishiwa kanga yake alijifuta uso nayo, macho yakamwasha kutwa nzima. Hakumuuliza mtu. Kamwambia baba yake, "Ni huyu, au siolewi." Mzee akagoma mpaka akachoka, akaozesha.

Lakini hakukanyaga nyumbani kwa Shaame mpaka anakufa. Kila Idi Shaame alikwenda Wesha kumpa mkono, mzee anageuza uso. Neno moja tu lingemaliza. Shaame hakulisema, na Mize naye, kwa kumfuata mumewe, hakulisema mpaka kifo chake.

Mnajua inavyouma kumwona mtu mzima anarudi na mkono wake mtupu siku ya Idi?

Jina la tajiri silitaji, hilo Shaame asingenisamehe. Wajukuu wa Shaame mnaosoma hapa, inueni vichwa. Babu yenu aliingia kati ya pembe za ng'ombe aliyetiwa wazimu, kwenda kumfuta pua.

Na wewe uliyecheka, kwenu nakujua. Babu yako alikuwa pale pembeni, ganda la chungwa mkononi. Naona mkono umeurithi.

Shaame, ulinifunga mdomo maadamu u hai. Sasa hupo tena, nimesema. Kasirika ukitaka.

Ingia kwa amani, ndugu yangu. Usigeuke nyuma kuniuliza.

Kamba ninayo.