Mabao Mawili ya Siku ya Msiba

Protase Mwijage alijifunza mpira Bumbire, kisiwa cha Muleba ambako mahali pekee palipokuwa tambarare ni pale wavuvi walipoanika dagaa. Asubuhi dagaa, jioni mpira. Ukipiga shuti la juu, mpira uliingia ziwani na wewe ndiye uliyeogelea kuufuata. Ndiyo maana mashuti yake yalikwenda chini chini maisha yake yote, na makipa wa nchi za jirani walilalamika kwamba hawakuyaona.

Baba yake alikuwa mtu wa Kaagya aliyekwenda kisiwani kuvua. Uzeeni alirudi kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba na kahawa, na humo alitaka wanawe wazikwe kando yake.

Mimi nilimjua Protase alipohamia mjini. Nilikuwa fundi viatu mtaa wa Bakoba, Bukoba, na njumu yake ya kulia ilichanika kila mwezi. Aliileta mwenyewe, akawasalimia kwanza wazee waliokaa kibarazani, kofia mkononi, hata wakati jina lake lilipokuwa likitajwa redioni. Siku hizi kijana akifunga bao moja mtaani haitikii salamu.

Mwaka themanini na nne timu ya taifa ilikuwa ugenini. Mzee Mwijage akafariki Jumatano. Simu ya maandishi ilifika hotelini Alhamisi, na kiongozi wa msafara akaitia mfukoni. Jumamosi Protase alifunga mabao mawili. Wenzake walikuwa bado wanaimba alipopewa ile karatasi.

"Ningekupa juzi, ungefunga?" kiongozi alimwuliza.

Kwetu mrithi hutangazwa kaburini, mbele ya ukoo. Hukabidhiwa mkuki wa marehemu na kutupa udongo wa kwanza. Walimsubiri Protase, mwana mkubwa, siku mbili, kisha Jumamosi hiyohiyo wakamkabidhi mdogo wake, Bartholomayo. Kwa jirani redio ilikuwa wazi. Shangazi yao alisikia jina la Protase likishangiliwa, akasema kwa sauti, "Baba amelala, yeye anacheza." Neno hilo lilimfuata kuliko beki yeyote.

Goti lilimwondoa uwanjani akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alirudi Bukoba akauza dagaa. Hakudai kibanja. Alitaka kitu kimoja tu, kuzikwa kando ya baba yake, lakini aibu ilimzuia kwenda kuomba. Mwaka huu, Januari, daktari alipomwambia kwamba ini limekwisha, ndipo alipokuja kunichukua tufuatane Kaagya kwa mdogo wake.

"Miaka arobaini, leo ndiyo una haraka?" nilimkemea.

"Nilikuwa namwogopa shangazi."

"Shangazi yako alikufa zamani!"

"Ndiyo maana naenda."

Alibeba kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kama inavyompasa mtu anayekwenda kuomba jambo zito. Bartholomayo alitupokea katika chumba cha kupanga kando ya barabara. Hapo nilipaswa kuelewa, lakini sikuelewa. Aliitazama ile kahawa bila kunyoosha mkono.

"Kaka, kunywa soda kwanza."

"Soda baadaye. Nimekuja kuomba mahali pa kulala. Pembeni mwa tata, baba yetu, basi."

"Nimeuza," Bartholomayo akasema.

"Umeuza nini?"

"Kibanja. Tangu mwaka jana. Kaburi la tata limeachwa, lakini jipya mnunuzi hataki. Imeandikwa."

Nikamwuliza ni nani wa ukoo aliyeitwa. Zamani mtu hakuthubutu kuuza kibanja kabla ndugu hawajakaa chini na kukubali.

"Mzee, nilikwenda kwa wakili. Ukoo uko Mwanza, uko Dar. Ningemwita nani?"

"Mimi niko Bakoba," Protase alisema.

Yule mdogo mtu aliinama, akavuta mkuki chini ya kitanda. "Uchukue, kaka. Ulikuwa wako."

"Nikauchomeke wapi?"

Tukarudi na kahawa yetu.

Alikufa Juni, tukamzika makaburi ya mjini, akiwa amebanwa kati ya watu wasiojuana naye. Mtu wa kipaza sauti alisoma historia yake ya mpira. Alipofika kwenye yale mabao mawili ya ugenini aliyasimulia kwa ustadi, na watu wakapiga makofi. Annastella, binti yake, hakupiga. Wala mimi.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, Bartholomayo alisogea na mfuko wa plastiki wenye udongo.

"Ni wa kaburini kwa babu?" Annastella alimwuliza.

"Mlinzi wa mnunuzi alinikatalia getini, mwanangu. Nimechota nje ya uzio."

Annastella alitazama ndani ya mfuko. Mlikuwa na kokoto za barabarani.

"Lakini ni wa Kaagya?"

"Ni wa Kaagya."

"Basi mwaga, baba mdogo," akasema, na Bartholomayo akaumwaga.